Kompyuta mpakato hupimwa zamu ya 200, si dakika ya kumi dukani

MSIMU wa kuuza mahindi unapowadia mkoani Ruvuma, maduka ya kompyuta mjini Songea nayo hupata wateja wake. Mzazi aliyevuna vizuri huingia na kijana wake, huoneshwa kompyuta mpakato iliyokwishatumika katika ofisi za ughaibuni, huwashiwa, hufunguliwa programu ya kuandikia, huchezeshewa wimbo mmoja, kisha huhesabu noti.

Kijana anayo haja ya masomo, hilo halina ubishi. Hata hivyo, mara nyingi anayo haja ya pili ambayo haitamki mbele ya mzazi wake, nayo ni michezo ya mikakati.

Hii ni ile michezo ambayo mchezaji hupewa kijiji kimoja na watu wachache, akatakiwa kulima, kujenga miji, kukusanya kodi, kuunda majeshi na kufanya diplomasia hadi awe dola. Maarufu zaidi ni Civilization, Age of Empires, Total War na Stellaris. Ndugu yake wa nyumbani ni bao, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo halihitaji umeme wala fundi.

Tatizo ni kwamba michezo hiyo ina tabia ya kuihadaa macho ya mnunuzi. Ikiwashwa dukani kwa dakika kumi, kompyuta ya kawaida kabisa huonekana inaimudu. Mashine huanza kulemewa baada ya saa kadhaa za mchezo, wakati ambapo muuzaji yuko mbali na fedha ya mahindi imekwishatumika.

Kinachoichosha mashine

Watu wengi hudhani kuwa mchezo mzito ni ule wenye picha nzuri, na kwamba dawa yake ni kadi ya picha yenye nguvu. Kwa michezo ya mbio za magari na ya vita vya bunduki dhana hiyo ina ukweli mkubwa. Kwa michezo ya mikakati ni nusu ya ukweli tu.

Chukua mfano wa Civilization VI, uliotolewa Oktoba 21, 2016. Ramani yake ndogo kabisa huwa na mataifa mawili, na ile kubwa kabisa hupangiwa mataifa 12. Binadamu akimaliza zamu yake, kompyuta hulazimika kufikiri kwa niaba ya wapinzani wote: kila mji ujenge nini, kila askari aende wapi, nani apigwe na nani apewe mkono wa amani.

Mwanzoni kila taifa lina mji mmoja, hivyo hesabu hizo huisha mara moja. Ifikapo zamu ya 200, miji ni mingi, majeshi yametapakaa na mikataba imepishana. Kazi hiyo yote huangukia prosesa, wala si kadi ya picha, na mchezaji hubaki anatazama kioo akisubiri.

Zamu moja ikichukua sekunde 30, zamu 200 ni sekunde 6,000, yaani saa moja na dakika 40 za kusubiri tu. Mtu anaweza kuchemsha maharage yakaiva.

Hata watengenezaji wenyewe wamewahi kuinua mikono. Stellaris, mchezo wa dola za angani uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Paradox ya Sweden, ulisifika kwa uzuri na kulaumiwa kwa kupunguza mwendo kadiri idadi ya wakazi wa sayari ilivyoongezeka. Mwaka 2021 kanuni zake zilibadilishwa ili wakazi waongezeke polepole kadiri dola inavyokua, na mwaka 2025 mfumo mzima wa kuwahesabu ukaundwa upya kwa kuwaweka katika makundi. Wabunifu walilazimika kupanga uzazi wa raia wao kwa sababu prosesa za wateja hazikuweza kuwahesabu.

Namba inayofuata neno i5

Miongoni mwa kompyuta mpakato zinazotoka maofisini na kuuzwa mitaani Tanzania ni HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470 na Lenovo ThinkPad T460, zote za takriban mwaka 2016. Ni mashine imara, zinafunguka kirahisi na vipuri vyake havisumbui. Nyingi hubeba prosesa ya Intel Core i5-6300U.

Prosesa hiyo ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia hesabu, na imeundwa kutumia wati 15. Pamoja na udogo huo, si ya kudharauliwa. Age of Empires IV ulipotoka Oktoba 28, 2021, kiwango cha chini kilichotajwa na watengenezaji kilikuwa i5-6300U hiyo hiyo, picha za ndani za Intel HD 520, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na nafasi ya gigabaiti 50 kwenye diski.

Lakini kiwango cha chini kina maana yake. Ni ahadi kwamba mchezo utawaka na kuchezeka kwa mipangilio duni, si kwamba vita ya watu wanane wenye majeshi kamili itakwenda bila kukwama.

Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho. Muuzaji husema "hii ni Core i5" au "hii ni Core i7", na bei hupanda kwa neno hilo. Kumbe neno lenyewe halitoshi. Kinachosema zaidi ni tarakimu inayofuata, ambayo huonesha kizazi cha prosesa: 6300U ni ya kizazi cha sita, 7300U ya saba, 8350U ya nane.

Katika prosesa hizi nyembamba zenye herufi U, Intel ilibaki na viini viwili hadi kizazi cha saba. Kizazi cha nane, kilichoanza kutoka Agosti 2017, kiliongeza viini vya Core i5 hadi vinne kwa wati zile zile 15. Matokeo yake ni kichekesho kinachowagharimu watu: Core i7-7600U ina viini viwili, ilhali Core i5-8350U inavyo vinne. Anayelipa zaidi kwa ajili ya jina i7 anaweza kuondoka na mashine dhaifu kuliko ya jirani yake.

Iko sababu nyingine ya kupendelea kizazi cha nane, nayo haihusu michezo. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache mno za kizazi cha saba. Kompyuta ya kizazi cha sita itaendelea kuwaka, lakini mzazi anayeinunua leo ajue ananunua kitu ambacho mtengenezaji wa mfumo amekwishakigeuzia kisogo.

Mwenye uwezo mkubwa zaidi atafute herufi H au HQ badala ya U. Hizo ni prosesa za takriban wati 45, na kwa kawaida huambatana na kadi ya picha inayojitegemea. Uzito wake, chaja yake kubwa na bei yake ni habari nyingine.

Kumbukumbu mbili ndogo hushinda moja kubwa

Kompyuta za ofisi hazina kadi ya picha ya peke yake. Picha hutengenezwa ndani ya prosesa yenyewe, na kumbukumbu inayotumika ni ile ile ya kompyuta, ambayo mafundi huiita ramu. Kwa hiyo gigabaiti 4 si nne tena mchezo unapowaka; mfumo wa Windows umechukua chake, picha zimechukua chake, na mchezo hupewa makombo.

Gigabaiti 8 ndiyo mwanzo wa heshima. Jambo ambalo halisemwi sana ni namna zinavyopangwa. EliteBook 840 G3 ina nafasi mbili za kuchomekea ramu. Kipande kimoja cha gigabaiti 8 hupitisha data kwa njia moja. Vipande viwili vya gigabaiti 4 hufungua njia mbili, na picha za ndani, ambazo hutegemea sana kasi ya kumbukumbu, hupata nafuu inayoonekana kwa macho. Kuongeza kipande cha pili ni miongoni mwa marekebisho ya gharama ndogo yenye faida kubwa.

Kuhusu diski ya kisasa ya SSD, ambayo kila fundi huipendekeza, ukweli usemwe wote. Inafupisha sana muda wa kuwasha mashine na kufungua mchezo uliohifadhiwa. Haipunguzi hata sekunde moja ya maana katika kusubiri zamu ya wapinzani, kwa sababu ile si kazi ya diski.

Baridi ya Juni, vumbi la Septemba

Songea ipo zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai ni neema kwa kompyuta mpakato. Mashine ile ile inayopumua kwa shida Dar es Salaam hufanya kazi kwa utulivu zaidi huku, kwani hewa inayovutwa na feni ni baridi tangu mwanzo.

Suala la joto ni la msingi kuliko wengi wanavyodhani. Prosesa ya wati 15 hugawana kiasi hicho kati ya hesabu na picha. Mchezo ukidai picha nyingi, hesabu hupunguziwa. Na mashine ikipata moto kupita kiasi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mchezaji haoni onyo lolote. Huona tu kwamba mchezo uliokuwa mwepesi saa mbili usiku umekuwa mzito saa nne.

Kwa sababu hiyo, kupunguza ukubwa wa picha huisaidia pia prosesa. Kutoka nukta 1,920 kwa 1,080 hadi 1,366 kwa 768 ni kupunguza karibu nusu ya nukta zote. Civilization VI unao pia mwonekano wa ramani bapa, usio na milima wala mawimbi, ambao hupunguza kazi ya picha kwa kiasi kikubwa. Haupendezi, lakini bao nalo halina mawimbi.

Adui wa baridi ya Songea ni vumbi la kiangazi. Tangu mvua zikatike hadi zirudi Novemba, vumbi jekundu huingia katika feni na kuziba mapezi ya chuma cha kupozea. Mashine iliyopita miaka kadhaa ofisini, kisha misimu miwili ya kiangazi mkoani, huwa imeziba kiasi cha kupoteza sehemu ya uwezo wake bila kipuri chochote kuharibika. Kusafisha feni na kubadilisha ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na chuma hicho kunaweza kurudisha kasi ambayo mwenye mali alidhani imezeeka.

Umeme nao una historia yake hapa. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa takriban kilometa 250. Kabla ya hapo mji ulitegemea jenereta za dizeli. Sweden, iliyoshirikiana na Serikali kuigharamia njia hiyo, ndiyo nchi ile ile yalikotoka mahangaiko ya Stellaris.

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato ina nafuu ambayo ile ya mezani haina, maana betri huendeleza mchezo. Lakini hesabu ni fupi. Betri mpya ya EliteBook 840 G3 ina uwezo wa takriban wati 46 kwa saa. Mashine inayotumia wati 25 wakati wa mchezo itaimaliza kabla ya saa mbili. Betri iliyochoka hadi nusu haitafikisha saa moja. Kompyuta kubwa za michezo, zenye chaja za wati 180 na zaidi, hushusha nguvu zake mara tu zinapochomolewa ukutani, hivyo fahari yake huonekana pale tu umeme unapokuwapo.

Mmoja akizubaa, wote husubiri

Wanaocheza kwa pamoja hukutana na jambo la ajabu. Katika Age of Empires, intaneti ya polepole si lazima iwe kikwazo, ila kompyuta ya polepole ni kikwazo kwa kila mtu.

Sababu ilielezwa mwaka 2001 na wahandisi wawili wa mchezo huo, Paul Bettner na Mark Terrano. Mchezo wa kwanza, wa mwaka 1997, ulitakiwa kuchezeka kwa modemu za simu za kilobiti 28.8 kwa sekunde. Kutuma habari za kila askari kusingewezekana. Basi kila kompyuta iliachiwa iendeshe vita nzima peke yake, na kinachosafiri kati yao ni amri tu: huyu aende kule, yule ajenge hapa. Ili vita ibaki ile ile kwa wote, lazima kompyuta zote zitembee hatua moja. Iliyo dhaifu huwaburuta wenzake.

Ndiyo maana Age of Empires II: Definitive Edition, uliotoka Novemba 14, 2019, una jaribio la kupima mashine, na asiyefikisha alama 1,000 haruhusiwi kuingia katika mechi za kupanga viwango. Watu wanne wanaokutana sebuleni Mfaranyaki au Lizaboni hawana mlinzi huyo. Ni bora wajue mapema ni ya nani kati yao itakayowachelewesha, na wapunguze idadi ya majeshi kabla ya kuanza.

Mchezo upi kwa mashine ipi

Mwenye kompyuta kuukuu kabisa hakosi chakula. Civilization IV wa mwaka 2005 uliomba prosesa ya gigahezi 1.2 na kumbukumbu ya megabaiti 256, kiasi ambacho simu ya leo ingekicheka. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuufungua: wimbo wake wa mwanzo, Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin, huimbwa kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy.

Age of Empires II: Definitive Edition huenda vizuri kwenye mashine za kizazi cha sita, mradi vita visipanuliwe kupita kiasi. Civilization VI, ambao kiwango chake kinachopendekezwa ni Core i5 ya kizazi cha nne, gigabaiti 8 na kadi ya picha ya gigabaiti 2, huchezeka kwa picha duni na mataifa sita. Anayetaka 12 atafute viini vinne. Katika nyongeza yake ya mwaka 2018, Kilwa Kisiwani imo kama moja ya maajabu ya kujengwa, na Wazulu wa Shaka wamo kama taifa. Kwa kijana wa Kingoni, ambaye wazee wake walitoka kusini katika misukosuko ya zama hizo, si mchezo mtupu.

Baada ya hapo mlango unafungwa. Civilization VII, uliotoka Februari 11, 2025, huanza na Core i3-10100 na kadi ya picha ya GTX 1050. Cities: Skylines II wa Oktoba 2023 ulipendekeza kadi ya RTX 3080, na watengenezaji wake walikiri kabla ya kuutoa kwamba haujafikia ufanisi walioukusudia. Kuuweka kwenye kompyuta ya ofisi ni kuitesa bure.

Kupima kabla ya kulipa

Ukubwa wa michezo hii ni gharama nyingine. Gigabaiti 50 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 11, na vifurushi vya simu havisubiri. Tangu mwaka 2023, duka la Steam linaruhusu mchezo uliokwishapakuliwa na mtu mmoja uhamishiwe kompyuta nyingine kupitia mtandao wa ndani ya nyumba, bila kugusa kifurushi, mradi kila mmoja awe na nakala yake halali. Nakala za kuchomekewa kwenye flashi huja na virusi mara nyingi kuliko zinavyokuja na mchezo kamili.

Steam hurudisha fedha kwa anayeomba ndani ya siku 14 akiwa amecheza chini ya saa mbili. Kwa michezo ya mikakati muda huo ni mfupi, kwani kwenye saa mbili hakuna aliyefika zamu ya 200. Lakini Civilization VI umeweka majaribio mawili katika orodha yake ya mwanzo, moja la picha na jingine la akili ya wapinzani. La pili huendesha zamu kadhaa za dola zilizokwishakomaa na kutoa wastani wa sekunde kwa kila zamu.

Mnunuzi mwenye rafiki aliye na mchezo huo anaweza kwenda nao dukani kwenye diski ya nje, akaomba jaribio la pili liendeshwe mara tatu mfululizo, chaja ikiwa imechomekwa, kisha mara moja ikiwa imechomolewa. Kama wastani wa mara ya tatu ni mbaya kuliko wa kwanza, feni imeziba au pesti imekauka, na hapo kuna hoja ya kushusha bei. Kama ule wa betri haukumalizika, betri ndiyo ya kuzungumziwa.